Chai ya lita mbili: nishati yake inatoka wapi na inaishia wapi

Mwanafunzi anayeanza uhandisi hapa Dar es Salaam huja tayari amekariri kwamba nishati haiumbwi wala haipotei. Mwulize chai ya asubuhi nyumbani kwao Mbagala imekula nishati kiasi gani, atakwama. Tuanzie hapo, maana mengi yanayofuata katika somo la nishati na mazingira, tangu turbaini (mashine inayozungushwa na gesi, mvuke au maji ili kuzalisha umeme) hadi misitu, ni hesabu hiyohiyo iliyopanuliwa.

Tuseme maji ya bomba yana nyuzi 28. Lita moja hudai kilojuli 4.2 hivi kupanda nyuzi moja. Lita mbili kufika nyuzi 100 ni 2 × 4.2 × 72, yaani kilojuli 600 na ushee. Uniti moja ya LUKU ni kilowati-saa moja, sawa na kilojuli 3,600, kwa hiyo maji yenyewe yanadai sehemu ya sita ya uniti. Jagi la umeme hupoteza kidogo pembeni, ndiyo maana mita itaonyesha umetumia kama 0.2. Usiniamini tu: zima friji na feni, soma mita, chemsha, soma tena.

Sasa mkaa. Kilo moja ya mkaa mkavu ina megajuli 30 hivi, yaani kilojuli 30,000. Jiko la bati la kawaida, likitunzwa vizuri, hufikisha kwenye sufuria kama robo ya joto hilo. Linalobaki hupasha hewa, bati na miguu ya mpishi. Chai yetu basi inataka gramu 80 za mkaa, vipande vichache tu, bila kuhesabu unaoteketea jiko likikolea na ule unaoendelea kuwaka baada ya sufuria kuipuliwa. Ukiishia hapo, mkaa hauonekani mbaya hata kidogo.

Tatizo ni mahali ulipochora mpaka wa mfumo. Mpaka wetu umeishia jikoni. Usogeze hadi porini, kwenye tanuri. Mchoma mkaa hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, huacha matundu machache ya hewa, kisha huwasha. Sehemu ya kuni huungua ili kukausha na kuivisha zinazobaki, na moshi mzito mweupe unaotoka siku za mwanzo ni mvuke wa maji uliochanganyika na gesi ambazo nyingine zingeweza kuwaka. Kwa kilo 100 za kuni, tanuri la udongo la kienyeji hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa, kutegemea unyevu wa kuni na ustadi wa mchomaji. Tukichukua kilo 7 za kuni kwa kilo moja ya mkaa, na megajuli 16 kwa kila kilo ya kuni, tanuri peke yake limekula karibu robo tatu ya nishati kabla gunia halijashonwa. Gramu 80 za chai yetu zilianza kama zaidi ya nusu kilo ya kuni, takribani megajuli 9. Kilichoingia kwenye maji ni 0.6. Huo ni ufanisi wa asilimia 7, na bado sijaweka dizeli ya Fuso lililoleta magunia mjini.

Tuutendee umeme vivyo hivyo, tusiupendelee. Jagi limetumia uniti 0.2, yaani megajuli 0.72. Tukikadiria upotevu wa asilimia 15 njiani, kituo kilizalisha kama 0.85. Ikiwa umeme huo umetoka kwenye turbaini ya gesi inayofanya kazi peke yake, ikigeuza theluthi moja ya joto kuwa umeme, gesi iliyochomwa ni megajuli 2.6. Ikiwa umetoka kwenye mtambo wa mzunguko pacha kama Kinyerezi II, ambako joto la moshi wa turbaini hutumika kuchemsha maji na mvuke wake kuzungusha turbaini nyingine, ufanisi hufika nusu au zaidi na gesi hushuka hadi 1.7. Kwa hiyo hata umeme wa gesi asilia kutoka Songo Songo au Mnazi Bay unaichemsha chai kwa chini ya theluthi moja ya nishati ghafi inayoliwa na mkaa. Wengi hushangaa wakifika hapa, kwa sababu walizoea kusikia kwamba kuchoma gesi ili upate umeme, kisha umeme upate joto, ni ubadhirifu. Ubadhirifu upo kweli, ila wa tanuri ni mkubwa zaidi.

Kuhusu Kinyerezi kuna jambo ambalo vitabu vya nchi za baridi hulipita haraka. Uwezo wa turbaini ya gesi hupimwa kwa hewa ya nyuzi 15. Jua la saa nane mchana mwezi Februari, hewa ya Dar iko nyuzi 32 au 33. Imetanuka, ni nyepesi, na turbaini inayomeza ujazo uleule inapata uzito mdogo wa hewa. Uwezo hushuka kwa nusu asilimia hadi karibu asilimia moja kwa kila nyuzi inayoongezeka. Saa hizohizo kila ofisi ya Posta na Masaki imewasha kiyoyozi. Mitambo inachoka wakati uleule mahitaji yanapopanda.

Turudi jikoni, maana upotevu mwingine mkubwa uko kwenye mvuke. Kuchemsha lita ya maji mpaka nyuzi 100 ni kilojuli 300. Kuigeuza lita hiyohiyo kuwa mvuke ni kilojuli 2,260, zaidi ya mara saba. Maharage yanayotokota kwa fujo bila mfuniko hayaivi haraka kuliko yanayochemka polepole, kwa sababu yote mawili yako nyuzi 100. Unachokifanya ni kununua mvuke na kuutoa dirishani. Jiko la presha la umeme linashinda kwa sababu mbili: huufungia mvuke ndani, na shinikizo hupandisha kiwango cha kuchemka kupita nyuzi 110. Mama lishe anayepika maharage kila siku ana mengi ya kuokoa hapo kuliko kwenye kubadilisha taa.

Hata hivyo anayenunua mkaa wa kopo hajakosea hesabu. Kopo linalipwa kwa hela ya leo. Mtungi wa gesi na jiko lake vinadai fedha za mkupuo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, na kikwazo chake kikubwa, kwa maoni yangu, ni huo mkupuo. Mhandisi asiyeliona hilo atabuni jiko zuri lisilonunuliwa. Na anayebaki na mkaa asilaze jiko chumbani kwa ajili ya joto wala kwa ajili ya mbu: kaboni monoksaidi, gesi ya sumu itokayo kwenye mkaa unaowaka, haina harufu.

Maji nayo yana mpaka wake. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina turbaini 9 za megawati 235, jumla 2,115. Hiyo ni kasi ya kuzalisha, si kiasi kilichozalishwa. Matarajio ya usanifu ni takribani gigawati-saa 6,000 kwa mwaka (gigawati-saa moja ni uniti milioni moja), kama theluthi moja ya ambacho zingetoa zikizunguka bila kusimama, kwa sababu mto una masika na kiangazi. Hakuna moshi pale, lakini uliza mto unaoshuka hadi kwenye mikoko ya delta unapata maji na tope kiasi gani.

Kihansi, kituo kingine cha umeme wa maji, ilitufundisha hilo kwa gharama. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye turbaini mwaka 2000, manyunyu ya maporomoko yalikatika, na chura mdogo aliyekuwa akiishi kwenye ukungu ule tu duniani akatangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini. Waliobaki walizalishwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, Marekani, na kuanza kurudishwa mwaka 2012, kwenye korongo ambalo sasa linanyunyiziwa maji kwa mabomba. Mabomba hayo nayo ni sehemu ya gharama ya kila uniti itokayo Kihansi, ukiuchora mpaka mahali pake.