Umbo la uso na pingili za shingo: maswali na majibu

Picha ilipigwa kwa ajili ya taya. Mbona daktari anazungumzia shingo?

Eksirei ya kichwa inayopigwa kwa ubavu huonyesha meno, taya, msingi wa fuvu, na pingili (mifupa ya uti wa mgongo) za juu kati ya zile 7 za shingo. Sehemu hizi zina historia moja. Mimba ikiwa bado changa, uzi laini uitwao notokodi huongoza ujenzi wa pingili, na ncha yake ya juu huishia ndani ya msingi wa fuvu, palepale taya zinapopata egemeo. Hitilafu ya wakati huo inaweza kuacha alama shingoni na usoni pia. Kwa hiyo shingo haikuharibu taya, wala taya halikuharibu shingo.

Kasoro zenyewe ni zipi?

Ya kawaida ni pingili kuungana, hasa ya 2 na ya 3. Nyingine ni upinde wa nyuma wa pingili kubaki na mwanya, mara nyingi kwenye pingili ya 1.

Nani huonekana nazo zaidi?

Watafiti wa Copenhagen, Denmark, walikuta pingili zilizoungana kwa watu wazima wapatao 61 kati ya 100 wenye taya la chini lililotangulia mbele kwa sababu ya mifupa. Kwa wale ambao meno ya juu hufunika mno ya chini kwa sababu ya mifupa, walikuwa kama 41. Wenye meno yanayokutana vizuri walikuwa 14. Hiyo 14 isisahaulike: wengi wana pingili zilizoungana na hawajui.

Picha inaweza kudanganya?

Ndiyo, na hapa ndipo makosa hutokea. Kichwa kikiinama au kikigeuka kidogo, viungo vya pingili hupandana kivuli na kuonekana vimeungana. Ukosi wa risasi unaokinga tezi ya koo nao huficha pingili za chini. Skani ya pande tatu huondoa shaka, lakini ina mionzi zaidi. Ifanywe tu ikiwa jibu lake litabadilisha matibabu.

Matibabu ya meno yataathirika?

Nyaya za kunyoosha meno huwekwa kama kawaida, ila hazitatenganisha pingili zilizoungana. Tatizo liko kwenye kukadiria ukuaji: madaktari husoma umbo la pingili ya 2, 3 na 4 ili kujua kama taya bado linakua. Zikiungana, kipimo hicho hupotosha, na eksirei ya mkono na kifundo chake ni salama zaidi kutegemea.

Lini nichukue hatua?

Ganzi au udhaifu wa mikono, kutembea kwa kuyumba, au shingo fupi isiyogeuka vizuri: muone daktari wa mifupa au mishipa ya fahamu mapema. Usikubali shingo ivutwe au kupindwa kwa nguvu. Na kabla ya upasuaji wa taya, mwambie mtaalamu wa dawa ya usingizi kuhusu pingili zako, kwani wakati wa kupitisha mpira wa kupumulia shingo hukunjwa nyuma.