Je, wajua kwa nini John Wooden alikaa misimu 15 bila taji kabla ya kutwaa mataji 10?

Katika historia ya mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani, hakuna kocha mkuu wa timu ya wanaume aliyetwaa ubingwa wa taifa mara nyingi kuliko John Wooden wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kinachojulikana zaidi kwa kifupisho cha UCLA. Kati ya mwaka 1964 na 1975 alitwaa mataji 10 katika misimu 12, na 7 kati ya hayo yalifuatana bila kukatika. Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba alipolitwaa la kwanza alikuwa na umri wa miaka 53, na alikuwa amekwisha kuifundisha timu hiyo kwa misimu 15 bila kuambulia ubingwa wa taifa hata mara moja. Kocha ni yuleyule na chuo ni kilekile. Ni nini basi kilichobadilika?

Tuanze kwa kuondoa jibu lililo rahisi, kwamba labda hakuujua mchezo. Wooden, aliyezaliwa mwaka 1910 katika jimbo la Indiana, alikuwa mmoja wa wachezaji bora wa nchi nzima alipokuwa Chuo Kikuu cha Purdue, kisha akafundisha Kiingereza na michezo katika shule za sekondari kabla ya kwenda kuhudumu katika jeshi la majini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1946 alipewa timu ya chuo cha ualimu cha Indiana State. Mwaka 1947 timu hiyo ilialikwa kwenye mashindano ya taifa ya vyuo vidogo, naye akaukataa mwaliko kwa sababu waandaaji hawakuruhusu wachezaji weusi, ilhali kikosini mwake alikuwamo kijana mweusi, Clarence Walker. Mwaka uliofuata kanuni ililegezwa, akaenda naye.

Kuingia kwake UCLA mwaka 1948 kulikuwa kwa bahati tu. Kwa maelezo yake mwenyewe, alitaka zaidi kwenda Chuo Kikuu cha Minnesota, na viongozi wa huko walipaswa kumpigia simu jioni fulani kumpa jibu. Dhoruba ya theluji ikakata mawasiliano, UCLA wakapiga wao kwanza, naye akakubali. Minnesota walipompata baadaye jioni hiyo, alikuwa ameshatoa neno lake na hakutaka kulirudisha. Los Angeles alikuta timu ambayo msimu uliotangulia ilishinda mechi 12 na kupoteza 13, na katika msimu wake wa kwanza akaifikisha kwenye ushindi wa mechi 22. Tangu hapo hadi anastaafu, hakuwahi kuwa na msimu ambao aliufunga akiwa amepoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda. Kwa hiyo tatizo halikuwa kushinda. Tatizo lilikuwa kushinda mwezi wa Machi, wakati bingwa wa taifa anapotafutwa.

Sehemu ya tatizo ilikuwa jengo. Timu ilifanyia mazoezi katika ukumbi mkuukuu uliokuwa ghorofani, wenye joto na hewa nzito, ikigawana nafasi na wanamieleka upande mmoja na wanasarakasi upande mwingine. Vumbi lilikuwa jingi kiasi kwamba kabla ya mazoezi Wooden mwenyewe, pamoja na vijana waliomsaidia, alipiga deki sakafu ili wachezaji wasiteleze. Ilipofika katikati ya miaka ya 1950, wakaguzi wa usalama wa moto walipunguza idadi ya watazamaji walioruhusiwa kuingia humo, na timu ikalazimika kuzurura mjini ikichezea mechi zake za nyumbani katika kumbi za kuazima. Si vigumu kuelewa kwa nini kijana mwenye kipaji, aliyekuwa akitafutwa na vyuo kumi, hakuvutiwa na mahali hapo.

Sehemu nyingine ilikuwa majirani. Enzi hizo kila ligi ilipeleka timu moja tu kwenye mashindano ya taifa, na pwani ya magharibi haikuwa na uhaba wa vigogo: Chuo Kikuu cha San Francisco, chenye mchezaji nyota Bill Russell, kilitwaa ubingwa mwaka 1955 na 1956, na Chuo Kikuu cha California cha Berkeley, chini ya kocha Pete Newell, kikautwaa mwaka 1959. Mwaka 1956 UCLA ilipata nafasi ya kwenda, ikakutana na Russell huyohuyo, ikarudi nyumbani. Ilifika nusu fainali ya taifa kwa mara ya kwanza mwaka 1962 tu, ambapo Cincinnati iliifunga pointi 72 kwa 70.

Mabadiliko yenyewe yalianzia kwa kocha msaidizi, na hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo zima. Jerry Norman, aliyewahi kuwa mchezaji wa Wooden, alimsihi mkubwa wake waanze kuwakaba wapinzani uwanja mzima, mara tu mpira unapoanzishwa chini ya kikapu, badala ya kurudi nyuma na kuwasubiri. Wooden alikuwa ameutumia mtindo wa namna hiyo zamani, lakini hakuamini kwamba ungewatisha wachezaji wa ngazi ya juu. Msimu wa 1963 hadi 1964 akakubali. Kikosi chake cha kwanza hakikuwa na mtu aliyezidi mita 1.96, kimo kidogo kwa timu inayotaka ubingwa, lakini kilikuwa na kasi. Gail Goodrich na Fred Slaughter walisimama mbele, Walt Hazzard na Jack Hirsch katikati, na Keith Erickson peke yake nyuma kama mlinzi wa mwisho. Mpinzani aliachiwa apokee pasi ya kwanza, kisha wawili wakamfungia kwenye kona, naye akibanwa na mstari wa kando na sekunde 10 za kuvuka nusu ya kiwanja, akarusha pasi ndefu ya wasiwasi ambayo Hazzard au Erickson alikuwa akiisubiri.

Lengo halikuwa kupora mpira kila mara, bali kumlazimisha mpinzani acheze haraka kuliko alivyozoea, hadi achoke. Katika fainali dhidi ya Duke, timu iliyokuwa na warefu wengi zaidi, UCLA ilifunga pointi 16 mfululizo ndani ya dakika chache za kipindi cha kwanza na kushinda 98 kwa 83. Msimu ulimalizika kwa ushindi wa mechi zote 30.

Mtindo huo usingefaa kitu bila mazoezi yaliyokuwa yakiendelea kimyakimya kwa miaka yote hiyo. Kila asubuhi Wooden alikaa na wasaidizi wake kupanga mazoezi ya siku dakika kwa dakika, akayaandika kwenye kadi ndogo alizozihifadhi mwaka hadi mwaka. Somo la kwanza la msimu lilikuwa namna ya kuvaa soksi: kuivuta vizuri, kunyoosha kila kunjo kisiginoni na kwenye kidole cha mwisho, kisha kufunga kiatu kwa kubana kamba tundu kwa tundu, maana mwenye malengelenge hawezi kukimbia. Msimu wa 1974 hadi 1975, wanasaikolojia wawili, Roland Tharp na Ronald Gallimore, walikaa pembeni na kurekodi kila alichowaambia wachezaji. Walihesabu kauli na vitendo zaidi ya 2,300, na takriban robo tatu vilikuwa maelekezo ya nini cha kufanya na namna ya kukifanya; sifa na karipio vilikuwa vichache. Mchezaji alipokosea, alionyeshwa njia sahihi, kisha kosa lake, kisha njia sahihi tena, yote kwa sekunde chache.

Baada ya taji la kwanza, jambo moja likavuta jingine. Ukumbi mpya wa Pauley ulifunguliwa mwaka 1965, na mwaka huohuo akaingia kutoka New York kijana wa mita 2.18 aitwaye Lew Alcindor, ambaye dunia ilikuja kumfahamu kama Kareem Abdul-Jabbar. Chuo kilikuwa na sifa nyingine iliyompa mvuto: wakati vyuo vingi vya kusini mwa Marekani vilikuwa havijafungulia milango wachezaji weusi, watu weusi mashuhuri kama mchezaji wa besiboli Jackie Robinson na mwanadiplomasia Ralph Bunche walikuwa wamekwisha kusoma UCLA miaka mingi kabla, na wote wawili walimhimiza Alcindor aende huko.

Lazima pia isemwe kwamba njia ya kuelekea kwenye taji ilikuwa fupi. Bingwa wa 1964 alihitaji kushinda mechi 4, ilhali tangu 1985 anahitaji 6, na timu za magharibi zilichujana zenyewe kwanza kwa sababu makundi yalipangwa kijiografia. Vilevile, mwaka 1981 UCLA iliadhibiwa, na kuamriwa kumweka mbali tajiri mmoja wa mjini aliyekuwa karibu mno na wachezaji tangu enzi za Wooden. Haya hayafuti ushindi wa mechi 88 mfululizo kati ya 1971 na 1974, lakini anayetaka jibu kamili hawezi kuyaruka.

Wooden alistaafu mwaka 1975 baada ya kuifunga Kentucky 92 kwa 85 katika fainali. Mrithi wake, Gene Bartow, alishinda mechi 52 kati ya 61, akaondoka baada ya misimu miwili kwa kuchoshwa na lawama za mashabiki waliokuwa wamesahau kwamba mtangulizi wake alipewa 15.