Je, wajua kwa nini Ubelgiji haikuitambua Katanga iliyoilea yenyewe?

Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 baada ya Kongo kupata uhuru, Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga nchini Kongo, alitangaza mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwamba Katanga imejitenga na ni nchi kamili. Ikapata bendera, stempu, benki kuu na faranga yake. Sarafu za 1961 zina ndizi upande mmoja, na upande wa pili msalaba wa shaba, ule ambao mafundi wa huko walikuwa wakiusubu na kuutumia kama fedha karne nyingi kabla Mzungu hajafika. Ilichokosa ni kutambuliwa. Hakuna nchi hata moja duniani iliyoitambua.

Ukiuliza, wengi watakuambia Ubelgiji iliitambua. Si ajabu wakosee, maana kila upande wa habari hii unamkuta Mbelgiji. Wanajeshi wa Ubelgiji waliingia Elisabethville tarehe 10 Julai, siku moja kabla ya tangazo, baada ya askari wa Kongo kuasi. Mmoja wa maofisa wao, Meja Guy Weber, akawa mshauri wa kijeshi wa Tshombe. Jeshi la Katanga liliundwa na kuongozwa na maofisa wa Kibelgiji. Profesa René Clemens wa Liège alisaidia kuandika katiba. Hata ofisi ya kuinadi Katanga kule New York iliendeshwa na Mbelgiji, Michel Struelens. Ungedhani kilichobaki ni saini tu, lakini Brussels haikuitia.

Kwanza, mali ya Ubelgiji haikuwa Katanga peke yake. Société Générale, shirika kubwa la fedha la Brussels, lilikuwa na hisa katika Union Minière iliyochimba shaba ya Katanga, na pia katika almasi ya Kasai. Kampuni nyingine za Kibelgiji zilikuwa na mashamba, viwanda na usafirishaji kote Kongo. Kuitambua Katanga kungekuwa ni kuipa serikali ya Kongo iliyokuwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, sababu ya kuzitwaa zote. Pili, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikwisha kuitaka Ubelgiji iondoe majeshi yake tangu tarehe 14 Julai, na Marekani haikutaka kuonekana ikiunga mkono Kongo ivunjwe vipande mbele ya nchi mpya za Afrika. Tatu, na hapa ndipo panaponivutia zaidi, Katanga isiyotambuliwa ilikuwa na manufaa makubwa kuliko iliyotambuliwa. Ilimbana Waziri Mkuu Patrice Lumumba, na wapo waliotumaini Kongo itasukwa upya kuanzia Elisabethville, iwe shirikisho legelege lenye sura ya kuwapendeza.

Sasa nchi isiyotambuliwa na yeyote iliwezaje kudumu miaka miwili na nusu? Jibu liko kwenye kodi. Kwa makadirio ya kawaida, Katanga ilichangia karibu nusu ya mapato ya serikali ya Kongo, na sehemu kubwa ilitokana na Union Minière.

Chukua nyumba ya urithi yenye duka mbele. Ndugu wawili wanaigombania. Mpangaji wa duka hasemi nani mrithi; hayo, anasema, ni ya kwenu. Ila kila mwisho wa mwezi kodi anampa yule aliyepo mlangoni, kwa kuwa ndiye anayeweza kumfungia duka. Ndugu wa mlangoni kwa fedha hiyo anabadilisha kufuli, anaajiri walinzi na kumlipa wakili. Wa pili ana hati mkononi na hana nauli ya kwenda mahakamani. Mpangaji ataapa kwamba hakupendelea mtu, na kwenye karatasi ni kweli. Ongeza sasa kwamba walinzi wenyewe wameletwa na jamaa zake mpangaji, na utaielewa Union Minière. Haikuhitaji kuitambua Katanga. Ilihitaji tu kulipa kodi na ushuru Elisabethville badala ya Léopoldville, huku shaba ikisafiri kwa reli kupitia Rodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na Angola ya Wareno.

Lakini kuna kosa la upande wa pili, la kudhani Katanga ilikuwa kikaragosi kitupu. Chama cha Tshombe, CONAKAT, kilianzishwa mwaka 1958 kikiwa na manung'uniko ya kweli dhidi ya wahamiaji, hasa Waluba wa Kasai, waliofuata kazi za migodini. Katika uchaguzi wa Mei 1960 kilipata viti 25 kati ya 60, na muungano wa BALUBAKAT, chama cha Waluba wa Katanga, uliopinga kujitenga ukapata 23. Kwa hiyo chama hakikubuniwa Brussels, wala hakikuwa sauti ya Katanga nzima. Waluba wa kaskazini walipigana nacho.

Anayeonyesha mkanganyiko huu vizuri ni Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani, aliyeshikilia kwa ukali kwamba Katanga ni ya wenyeji halisi. Babu yake alikuwa Msiri, mfalme wa Wayeke, aliyefika huko kwa biashara akitokea Unyamwezi, Tanzania ya leo. Msiri aliuawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mjukuu akatawala kwa bunduki za Wabelgiji.

Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na tume ya bunge la Ubelgiji ilikiri mwaka 2001 kwamba baadhi ya mawaziri wa Ubelgiji walibeba dhamana ya kimaadili. Kuhusu ndege ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, iliyoanguka karibu na Ndola, Rodesia ya Kaskazini, Septemba 1961 akienda kuonana na Tshombe, tahadhari inahitajika. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa chini ya Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, umeona shambulio kutoka nje ni jambo linalowezekana, bila kulithibitisha.

Maofisa wa Kibelgiji walipoanza kuondolewa mwaka 1961, mamluki walijaza nafasi. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yalifunga hesabu ya Katanga iliyojitenga Januari 1963. Julai 1964 Tshombe akawa waziri mkuu wa Kongo nzima, na safari hii Brussels haikuona tabu kumtambua. Aliwaita askari wake wa zamani kutoka Angola waje kupigana na waasi wa Simba, mishahara yao sasa ikilipwa na Léopoldville.