Kwa nini rubani hufundishwa kutoyaamini masikio yake?

Rubani mwenye leseni ya kawaida ya ndege ndogo haruhusiwi kuingia mawinguni. Anayetaka kupita humo sharti apate idhini ya ziada ya kurusha ndege kwa kutegemea ala, yaani zile saa na mishale iliyopangwa mbele yake. Nchini Marekani, pamoja na masharti mengine, idhini hiyo hudai saa 40 za mazoezi ya ala.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba saa zote hizo ni za kujifunza kusoma mishale. Niliona wingu kuwa tatizo la njia tu: asiyeona atapotea au atagonga mlima, lakini kuiweka ndege sawa hakuwezi kumshinda, kwani abiria aliyefumba macho hujua basi linapokata kona, na aliyelala gizani hujua dari iko upande gani. Nilikosea katika mifano yote miwili, na kila mmoja una kosa lake.

Tuanze na basi. Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu midogo iliyojaa majimaji, na ndani yake vinyweleo vinavyopinda majimaji yanaposukumana navyo. Chukua ndoo ya maji, weka jani lielee juu yake, kisha uizungushe ndoo. Mwanzoni ndoo huzunguka na jani hubaki pale pale, na tofauti hiyo kati ya ndoo na maji ndiyo sikio huipokea kama habari ya kugeuka. Endelea kuizungusha kwa mwendo ule ule, na maji yataifuata ndoo hadi jani liende sambamba nayo. Tofauti imekwisha, na sikio linaripoti utulivu ingawa mzunguko ungali unaendelea. Simamisha ndoo ghafla, nayo maji yataendelea kuzunguka, na sikio litaapa kwamba sasa unageukia upande wa pili. Kona ya basi huisha kabla maji hayajaifuata ndoo. Kona ya ndege yaweza kudumu dakika nzima, au kuanza polepole mno hata sikio lisiisikie kabisa.

Mfano wa kitanda nao unavunjika kwa njia nyingine. Ndege inapogeuka vizuri, nguvu ya mgeuko na uvutano wa dunia huungana na kumkandamiza rubani wima kitini, hata glasi ya maji iliyo mbele yake haimwagiki. Ikiinama nyuzi 15, uzito anaouhisi rubani huongezeka kwa chini ya asilimia 4, kiasi ambacho ni vigumu kukitambua.

Mwaka 1926, kule San Francisco, rubani wa jeshi William Ocker aliwekwa na daktari David Myers kwenye kiti kinachozunguka, akiwa amefumba macho, akashindwa kutaja upande aliokuwa akigeukia. Alirudi na kisanduku chenye kipima mgeuko na tochi, akachungulia ndani, akajibu sawasawa. Masikio yake hayakuwa yamejifunza lolote. Alikuwa ameacha kuyauliza.

Asiyejua hayo hunaswa hivi: bawa linainama bila yeye kuhisi, pua inashuka, kasi inapanda, naye anavuta usukani ili kuinua pua, jambo ambalo huikaza kona na kuifanya ndege izidi kushuka kwa kuzunguka. Mwaka 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwapa watu 20 wasio na uzoefu wa ala ndege waiendeshe huku wamezibwa wasione nje. Wote 20 walipoteza udhibiti, kwa wastani wa sekunde 178, na 19 kati yao waliishia katika mzunguko huo. Tarakimu hiyo hunukuliwa mno kana kwamba ni kanuni ya maumbile. Watu 20 ni wachache, na leo leseni ya kawaida ya Marekani hudai angalau saa 3 za ala. Isitoshe, utafiti wenyewe ulikusudia kuwafundisha kugeuza na kutoka winguni, na baada ya mafunzo walifaulu karibu kila mara, sehemu ambayo wanukuzi huiruka.

Faida za idhini zinazotajwa kwa kawaida ni za kweli: safari haziahirishwi kwa wingu jepesi, anga ya Marekani iliyo juu ya futi 18,000 hufunguka, na mara nyingi bima hupungua, ingawa si kwa kila kampuni. Haimwezeshi rubani kupita katika radi wala barafu. Faida kubwa zaidi huonekana hata pasipo wingu. Tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy Mdogo, mwana wa rais wa zamani wa Marekani na rubani aliyekuwa hajapata idhini hiyo, alianguka na ndege yake baharini karibu na kisiwa cha Martha's Vineyard usiku wenye utusitusi, na wachunguzi walihitimisha kwamba alipotewa na hisia ya mwelekeo.

Mazoezi hayo huchakaa. Sheria ya Marekani humtaka mwenye idhini awe amefanya, ndani ya miezi 6, mikaribio 6 ya kutua kwa ala. La sivyo, hurudi kuvaa kifuniko kinachomziba asione dirishani, na mwenzake akiwa kando kumtazamia nje.