Tangi la matumbawe kutoka Nakuru hadi Kisumu: yanayosemwa na yalivyo

Nilipotangaza kwamba nahamia Kisumu na tangi langu la matumbawe, yaani tangi la kioo la maji ya chumvi lenye matumbawe na samaki wa baharini, kila mtu pale Nakuru akawa mtaalamu. Jirani yangu, mama ambaye sijawahi kumwona akifuga hata kuku, alisimama mlangoni akalitazama tangi, akasema, "Baba Akinyi, si hao uwakaange tu? Kwenu huko samaki hawakosekani."

Hilo nililicheka. Yaliyonisumbua ni maneno ya wafugaji wenzangu, tena yanasemwa kwa uhakika, na mengi niliyaamini mwenyewe mara ya kwanza nilipohamisha tangi hili. Safari hiyo ilikuwa ya mtaa hadi mtaa humo humo Nakuru, kilomita nne tu. Nilizika samaki wanne kati ya saba. Safari ya Kisumu ni kama kilomita 180, na nilipoteza konokono mmoja. Kwa hiyo anayekwambia kwamba barabara ndiyo huua samaki, mwulize kwanza aliwaweka katika maji gani.

"Usimwage hata tone, bakteria wote wamo ndani ya maji"

Hili ndilo la kwanza utakaloambiwa. Ni kweli tangi huishi kwa bakteria wanaogeuza amonia, yaani uchafu wa samaki, kuwa naitraiti na kisha naitreti. Lakini bakteria hao hushika mahali. Wamejibandika kwenye mawe, kwenye mchanga na kwenye sponji za chujio. Wanaoelea majini ni wachache mno. Ukihamisha maji yote kisha ukaacha mawe yakauke kwenye gari, umebeba maji ya chumvi na kuacha uhai nyuma.

Maji ya zamani yana kazi nyingine: viumbe wameyazoea. Tangi langu ni la futi tano kwa mbili kwa mbili, karibu lita 540. Nilibeba lita 240 katika vyombo vya lita 20, na shemeji yangu Kisumu akawa ameshakoroga pipa la lita 250 siku mbili kabla, kilo tisa hivi za chumvi maalumu ya matangi ya matumbawe, pampu ikizungusha usiku na mchana. Zilizobaki kufika 540? Mawe na mchanga huchukua nafasi, na tangi halijazwi hadi ukingoni. Nilichokazania ni kwamba kila jiwe lisafiri likiwa limezama. Kuna watu hufunga mawe kwa magazeti yaliyoloweshwa maji ya chumvi, na kwa mwendo mfupi hufaa, ila sifongo ndogo, viumbe hai wa baharini zilizomo kwenye mashimo ya mawe, hazipendi hewa hata kidogo. Zikifa zinaoza, na kuoza ndiko amonia.

"Mchanga uache ndani, usiusumbue"

Hapa ndipo nilipolipa ada. Kilomita nne, nikasema mchanga wa nini kuutoa. Tulipunguza maji hadi yakabaki ya kufunika mchanga, vijana wanne wakanyanyua tangi, wakaliingiza kwenye kanta. Tulipofika nikarudisha maji. Yakawa kama chai ya maziwa, na chumba kikanuka mayai viza.

Mchanga wa miaka mitatu una tabaka la chini ambalo halipati oksijeni. Huko hukusanyika mabaki ya chakula na kinyesi, na bakteria wa huko hutengeneza gesi ya salfaidi ya hidrojeni, ndiyo ile harufu. Ukiutikisa, hiyo gesi na amonia hupanda juu kwa pamoja, na uchafu uliofumuka hula oksijeni iliyopo. Samaki wangu aina ya kangaja alikuwa wa kwanza kuja juu, mdomo ukipiga uso wa maji kama anayenong'ona kitu. Saa nne usiku alikuwa ubavu.

Safari ya Kisumu mchanga niliutoa wa mwisho, nikausuuza kwa ndoo ndoo za maji ya bomba mpaka maji yakatoka meupe. Ndiyo, bakteria wa mchangani wanakufa kwa kuoshwa hivyo, na hainiumi kichwa: kilo sitini za mawe zilibeba wa kutosha. Mwenye uwezo anunue mchanga mpya. Mimi mchanga huo nilishaugharimia.

Na kuhusu lile la kunyanyua tangi lenye maji kidogo, lita 100 ni zaidi ya kilo 100, na kioo cha tangi kama hili peke yake ni kilo mia hivi. Maji yakicheza ndani huvuta silikoni upande mmoja kisha mwingine. Tangi husafiri tupu, juu ya mbao iliyonyooka yenye godoro jembamba, na likifika hujazwa maji matamu likakaa siku nzima uone kama linavuja, kabla ya kiumbe chochote kuingia.

"Maji ya Ziwa Nakuru si ya chumvi? Chota huko"

Nimeulizwa hili na watu wenye digrii. Ziwa Nakuru ni ziwa la magadi. Kilichojaa humo ni kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, ndugu zake magadi ambayo mama alikuwa akitia kwenye maharagwe yaive haraka, na pH yake, kipimo cha uasidi na ualikali wa maji, hufika karibu 10. Bahari hukaa kwenye 8 na kidogo. Tumbawe ukilitia humo unalipika bila moto.

Chumvi ya mezani nayo haitoshi. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita, lakini ndani ya hizo mna kalsiamu, kama miligramu 410 kwa lita, na magnesiamu karibu 1,300. Hayo ndiyo matofali ambayo tumbawe hujengea mifupa yake. Pakiti ya dukani haina.

Hata maji matamu ya kukorogea chumvi yana hadithi yake. Visima vingi vya Nakuru vina floraidi nyingi, meno ya kahawia ya watu wa Bonde la Ufa yanatoka huko. Tumia maji yaliyopita kwenye mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwenye utando mwembamba na kuacha chumvi na uchafu nyuma. Kisumu unaishi kando ya Ziwa Victoria, ziwa la maji matamu, lakini usichote huko pia. Linabeba mbolea za mashambani na mwani, na utaongeza mwani kwenye tangi ambalo tayari lina mshtuko.

"Walishe vizuri, safari ni ndefu"

Ukarimu wa aina hii unaua. Samaki mzima anakaa siku mbili tatu bila kula na hana neno. Aliyeshiba anachafua ndoo yake mwenyewe, na ndoo haina chujio. Mimi nilisitisha chakula siku mbili kabla.

Jingine linalofanana na hilo ni kujaza ndoo hadi juu "wapate nafasi", kisha kufunika kwa nguvu maji yasimwagike. Samaki anahitaji hewa kuliko anavyohitaji kina. Na hapa Bonde la Ufa lina siri ambayo waandishi wa vitabu vya matangi, wengi wakiishi karibu na bahari, hawaitaji. Maji ya chumvi ya nyuzi 25 pale Mombasa yanashika kama miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na maji yale yale yanashika kama 5.4 tu. Ukielekea Kisumu unapanda kwanza, hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,400, ndipo uteremke kupitia Kericho hadi Ahero.

Tulipofika Mau Summit niliona pakiti ya krispi juu ya dashibodi imefura kama puto. Nikamwambia dereva, "Mkubwa, simama kidogo." Alidhani nataka kwenda haja. Nilipanda nyuma, nikakuta utingo, kijana mwenye bidii, amebana kifuniko cha ndoo ya vitatange wawili kwa sababu maji yalimrukia Salgaa. Matundu niliyoyatoboa yalikuwa yamezibwa na gunia. Samaki wako chini, mashavu yanakwenda mbio. Nilifungua, nikahamishia humo pampu ya pili ya hewa ya betri, tukakaa dakika kumi na tano kwenye baridi ile. Mashavu yalitulia. Tangu hapo ndoo ni nusu, kifuniko kimetobolewa, na kila ndoo ina pampu yake hata kama samaki ni mdogo kama kidole.

Kila mmoja na ndoo yake pia, kwa kadiri inavyowezekana. Kikande, samaki mgomvi, ndani ya ndoo na wenzake ni mbwa katika matatu. Anemoni, mnyama laini wa baharini mwenye minyiri, peke yake kabisa, akiumia hutoa sumu yake majini. Kiti cha pweza, yule mwenye umbo la nyota, na kamba huenda pamoja.

Ndoo zenyewe ziwe mpya au za chakula kisicho na mafuta. Ile mitungi ya manjano ya mafuta ya kupikia, hata uioshe kwa sabuni na mchanga, huacha utando juu ya maji, na oksijeni huingilia juu hapo hapo. Sabuni nayo ni balaa jingine.

"Anza kwa kushika samaki, mawe baadaye"

Jaribu uone. Utakimbiza kangaja kuzunguka mawe saa nzima, na akichoka wewe umeshachoka zaidi. Toa matumbawe, toa mawe, punguza maji hadi kiganja kimoja, samaki hana pa kujificha. Kisha mchote kwa jagi. Kangaja ana kisu kidogo kila upande wa shina la mkia, na wavu hukinasa. Ukimkwanyua anachanika, ukisaidia kwa mkono unachanika wewe.

"Mawe yachemshwe, yaue wadudu"

Usithubutu. Ukiacha kwamba unaua bakteria wote niliowasifu hapo juu, kuna matumbawe laini ya jamii ya Palythoa yenye sumu iitwayo palitoksini, mojawapo ya sumu kali zinazojulikana duniani. Watu wamelazwa hospitali kwa kuvuta mvuke wa mawe yaliyochemshwa au kusuguliwa kwa brashi nyumbani. Vaa glovu, kinga macho, na sufuria ibaki ya ugali.

"Ukifika, dondosha maji polepole kwa saa tatu"

Hili lina ukweli nusu, ndiyo maana linadanganya. Samaki aliyefungwa kwenye mfuko kwa saa nyingi amepumua kaboni dayoksaidi, na hiyo imeshusha pH ya maji yake. pH ikiwa chini, amonia nyingi hukaa katika umbo la amoniamu ambalo halina makali. Ukifungua mfuko, gesi inatoka, pH inapanda, na kila pH ikipanda kwa kizio kimoja amonia yenye sumu huongezeka karibu mara kumi. Kumdondoshea maji saa tatu ndani ya supu hiyo ni kumtesa. Sawazisha joto, hakikisha tangi lina chumvi kiasi kile kile, mtoe, mwache aende, na maji ya mfuko yamwage.

Wangu walikuwa kwenye ndoo zenye pampu za hewa, na nusu ya tangi ilikuwa maji yao wenyewe. Nusu saa ilitosha. Kipimo cha chumvi, yaani uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji matamu, kilisoma 1.025 pande zote mbili.

"Kisumu kuna joto, matumbawe yatafurahi"

Nakuru alfajiri ya kuondoka ilikuwa baridi ya sweta mbili, na tangi langu lilikuwa limeishi kwa hita miaka yote. Kisumu, wiki ya kwanza, hita haikuwaka hata mara moja, na saa tisa mchana maji yalisoma nyuzi 29.

Tumbawe hupenda joto lile alilolizoea, basi. Likizidi kwa nyuzi moja au mbili kwa wiki kadhaa, linawafukuza mwani wadogo wanaoishi ndani yake na kulilisha, linabaki jeupe. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto la El Niño, sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu ilipauka na kufa, na hapo tunazungumzia bahari nzima, wala si kioo cha futi tano sebuleni. Nilipunguza saa za taa zikawa tano kwa siku, nikafungua mfuniko, nikaweka feni mbili zinazopuliza juu ya maji. Nyuzi zikashuka hadi 27. Siku zenye unyevu mwingi kutoka ziwani feni hizo hufanya kazi nusu tu, kwa sababu maji hayakauki upesi.

Amonia nilipima kila jioni kwa wiki mbili. Siku ya tatu rangi ya kipimo ilielekea kijani kidogo, dalili ya amonia, nikabadilisha lita 60, kesho yake ikarudi manjano.

Lililobaki ni la kujaza. Feni zinakausha kama lita sita kwa siku, na fundi wa stima aliyekuja kuongeza soketi alinionya nisisahau "kuongeza maji ya chumvi". Maji ndiyo yanayokauka, chumvi inabaki ndani. Unaongeza maji matamu ya RO, polepole, hadi kwenye alama. Alama yangu ni kipande cha selotepu pembeni mwa kioo, upande wa dirisha, na Akinyi ndiye anayeitazama akitoka shule.