Miwani haijui kama umeme umezimwa: dhana potofu kuhusu akili mnemba na kazi ya fundi mitambo

"Haya ni mambo mapya ya juzi tu."
Wazo la kuonyesha maelekezo ya kazi juu ya kifaa chenyewe, yaani uhalisia ulioongezwa, lilipewa jina mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Boeing, Marekani. Tom Caudell na David Mizell walitaka fundi anayepanga nyaya za ndege aone njia ya kila waya mbele ya macho yake, asihangaike na michoro. Miaka 30 na ushei imepita, na viwanda vingi bado vinatumia karatasi. Sababu si ushamba. Miwani ya HoloLens 2 ya Microsoft, inayoonyesha maelekezo ya aina hiyo na iliyotoka 2019, ilikuwa na uzito wa gramu 566, iliuzwa dola 3,500, na chaji yake ilidumu saa mbili tatu. Shifti ni saa nane. Mwaka 2024 Microsoft ikathibitisha kwamba imeacha kuitengeneza. Google ilikuwa imeshaacha kuuza miwani yake ya viwandani mwaka 2023. Anayetaka kuanza leo aanze na tableti, hasara yake ni ndogo.

"Akili mnemba inaijua mashine kuliko fundi."
Hapa ndipo watu wanapochanganya zaidi. Beringi ikianza kubanduka ndani, kila gololi inayopita penye jeraha hugonga. Idadi ya mapigo hayo kwa sekunde hutegemea wingi wa gololi, vipimo vya beringi na kasi ya shafti, na wapimaji wa mtetemo walikuwa wakiikokotoa zamani kabla akili mnemba haijafika kiwandani. Kilichoongezeka ni jicho lisilolala: programu inasikiliza mota mia kwa wakati mmoja, usiku kucha.

Lakini programu hujifunza kwa yaliyokwisha kutokea, na mashine inayotunzwa vizuri huharibika mara chache. Kwa hiyo mara nyingi inachokijua ni hali ya kawaida tu. Kikibadilika kitu, inapiga kelele. Huenda beringi inakufa kweli. Huenda pampu inavuta hewa kwa sababu tangi limeshuka, au sensa yenyewe imelegea pale ilipofungwa. Kutenganisha hayo bado ni kazi ya anayeshuka chini na tochi.

Programu za kuongea nazo zina hatari yake. Iulize bolti fulani ikazwe kwa nguvu kiasi gani, itakupa namba bila kusita, hata kama namba hiyo ni ya modeli nyingine kabisa. Namba ya kukazia hutoka kwenye kitabu cha mtengenezaji, basi.

"Basi yeyote akivaa miwani anakuwa fundi."
Miwani itakuonyesha nati ya kufungua kwanza. Haitakuambia kwamba uzi wa nati umeanza kuliwa. Hilo mkono ndio unaolijua. Na kuna jambo ambalo ningeliandika kwa rangi nyekundu ukutani: picha ya kijani ndani ya miwani si ushahidi kwamba umeme umezimwa. Zima swichi, ifunge kwa kufuli lako, tundika kibao chenye jina lako, kisha pima kwa mita kabla hujagusa. Penye gesi au mvuke unaolipuka, miwani isiyo na kibali cha mazingira hayo haiingii kabisa.

Mwaka 1983 mwanasaikolojia Lisanne Bainbridge alieleza kinachotokea mitambo ikichukua kazi rahisi: binadamu anaachiwa ngumu, huku mazoezi yake yakipungua. Wanaonitia wasiwasi hapa ni wanagenzi, kwa sababu kazi rahisi ndiyo shule yao.

"Mafundi watafukuzwa."
Kinachopungua kwanza ni safari. Mtaalamu wa Ujerumani au China aliyekuwa akingojwa kwa wiki sasa anaweza kuiona kompresa ya Dar es Salaam au Mombasa kupitia kamera, na mipaka ilipofungwa mwaka 2020 wengi walilazimika kufanya hivyo. Mikono inayofungua ni ya fundi wa hapa. Mshahara wake, bila shaka, haupandi wenyewe. Daraja jipya la mshahara lazima lidaiwe.

"Kamera ni ya kumsaidia fundi tu."
Hiyo hiyo kamera inaweza kuhesabu dakika ulizosimama. Inaweza pia kurekodi ujuzi wa mzee aliyefungua sanduku la gia kwa miaka 25, na video hizo zikatumika kuifundisha programu ambayo kampuni itaiuza kwingine. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, na Tanzania ina ya taarifa binafsi ya 2022. Zote mbili zinamtaka mwajiri aeleze taarifa anazokusanya ni za kazi gani. Chama cha wafanyakazi kiulize kabla miwani haijatolewa boksini: video zinakaa wapi, kwa muda gani, na nani anaruhusiwa kuzitazama.