Green Goddess: yale watu wanayoamini kuhusu lile gari la kijani la zimamoto, na ukweli wenyewe

Najitolea kwenye makumbusho ya magari hapa Uingereza, na gari linaloulizwa maswali kuliko yote ni Green Goddess, yaani Bedford RLHZ, lile dude la kijani lililoundwa kati ya 1953 na 1956. Watu wanalipenda na mi nafurahi sana wakilipenda, ila mengi wanayosema sio kweli, na mengine mtu akiyafuata wakati anakarabati gari la aina hii anaweza kuumia vibaya.

Kubwa kuliko yote ni kwamba hili ni gari la jeshi. Kuendeshwa na wanajeshi, kweli limeendeshwa, ila halikuundwa kwa ajili yao. Liliundwa kwa ajili ya Auxiliary Fire Service, kikosi cha raia wa kujitolea, enzi ambazo Waingereza walikuwa na hofu ya kupigwa bomu la nyuklia. Kikosi kikavunjwa 1968 na serikali ikayahifadhi magari, halafu mwishoni mwa 1977 wazimamoto wakagoma mpaka Januari 1978, ndo wanajeshi wakakabidhiwa haya magari wazime moto, na 2002 ikawa vilevile. Sasa picha zilizobaki vichwani mwa watu ni za wanajeshi, na ndo maana kila mara tunashauriwa tulichore alama za jeshi mlangoni. Hapana jamani. Kabla ya kugusa rangi unachukua kipande kidogo, unakisugua kwa msasa laini uliolowa maji, taratibu, na tabaka zinaanza kujitokeza moja baada ya nyingine kama pete za mti: kijani cha juu, kijani cha zamani zaidi, rangi ya kwanza ya chuma, na ukibahatika unaona kivuli cha herufi zilizofunikwa. Hapo gari lenyewe limeshakwambia lilikuwa la nani.

Na msasa nimesema uliolowa kwa sababu, rangi nyingi za miaka hiyo zina madini ya risasi na vumbi lake ni sumu, usilipulize wala usilifagie likiwa kavu.

Dhana nyingine: ni gari la zimamoto basi lina kila kitu. Halina! Kazi yake hasa ilikuwa kusukuma maji. Mpango ulikuwa kwamba bomu likipiga mji na mabomba ya maji yakapasuka, magari haya yanajipanga kutoka mtoni au ziwani mpaka katikati ya mji, hili linasukumia lile, lile linasukumia la mbele, pampu inatoa galoni 900 kwa dakika, kama lita 4,000 hivi. Vifaa vya kukata magari yaliyogongana havikuwepo, wala mitungi ya hewa ya kuingia nayo kwenye moshi, na 2002 ilibidi jeshi liwe na timu za pembeni za kazi hiyo. Kwa hiyo ukilikarabati hili gari likang'aa huku pampu imekufa, kwangu mimi bado hujalikarabati.

Kuhusu pampu watu wanadhani inavuta maji kutoka kina chochote, nguvu ya injini tu. Pampu ya namna hii haivuti, unatoa hewa kwenye mpira wa kunyonyea halafu hewa ya nje ndo inayosukuma maji yapande, na hewa hiyo haiwezi kupandisha maji zaidi ya mita 10 hata uweke injini ya meli, kiuhalisia ni 7 au 8. Mpira wa zamani uliokauka ukipitisha hewa kwenye kitundu kidogo tu cha kiungo, maji hayaji kabisa na watu wanaanza kufungua injini isiyo na kosa. Na usiizungushe pampu kavu muda mrefu, sili zake, yaani vizibo vinavyozuia maji kuvuja, zinaungua. Ukimaliza unatoa maji yote, kwa sababu baridi ya huku maji yakiganda ndani yanapasua chuma.

"Tairi ni tairi, fungua nati toa." Hii ndo inayonitisha. Magari mengi ya jeshi na ya serikali ya zama zile yana rimu ya vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa nati zake, mbali na zile zinazoshika gurudumu kwenye ekseli. Nati za rimu mara nyingi zilipakwa rangi nyekundu, na ukizifungua tairi ikiwa na upepo vipande vinaruka kwa nguvu ya kuua mtu. Rangi ikishatoka huzijui tena ni zipi, kwa hiyo toa upepo wote kwanza, hata sindano ya tyubu itoe, ndo ushike spana.

Breki nazo, usipulize vumbi na kompresa. Laini za zamani, yaani vile vipande vinavyosuguana breki ikishika, zilikuwa na asbesto, Uingereza ilimalizia kuipiga marufuku 1999, gari ni la miaka ya 50, piga hesabu mwenyewe. Petroli pia sio ileile, tangu Septemba 2021 ya kawaida hapa ni E10 yenye ethanoli mpaka asilimia 10, inakula mipira na gasketi za zamani za karbureta, tunabadilisha mipira yote au tunatia E5, yenye ethanoli kidogo zaidi.

Halafu kuna wanaosema lazima uwe fundi makanika ndo ujitolee. Mafundi tunawahitaji, ila turubai zinataka mshonaji, mbao zilizooza kwenye bodi zinataka seremala, na kila nati inayotoka inatakiwa ipigwe picha, iandikwe imetoka wapi na iwekwe kwenye mfuko wake, kazi ambayo mtu mwenye subira na kalamu anaifanya vizuri kuliko fundi mwenye haraka.